Dutton, munganga mwenye alikufa Kasongo akichunguza magonjwa ya wadudu

Tarehe 27 Februari 1905, huko Kasongo, katika jimbo la Maniema ya leo, munganga mumoja Mwingereza alikufa akiwa na miaka 30 tu. Jina lake lilikuwa Joseph Everett Dutton. Aliuawa na homa yenye yeye mwenyewe alikuwa anachunguza.

Dutton alizaliwa katika mwaka wa 1874, karibu na muji wa Liverpool. Alisomea uganga katika muji huo, kisha akaingia katika shule ya magonjwa ya inchi za joto yenye ilianzishwa kule katika mwaka wa 1898. Mwisho wa 1901 alikuwa Gambia. Pale, munganga mwenzake Forde alikuwa ameona vidudu katika damu ya nahodha mumoja Muzungu, akafikiri ni minyoo. Dutton alivitambua: ni tripanosoma, kidudu chenye kilikuwa kinajulikana katika damu ya wanyama. Katika mwaka wa 1902 alikipatia jina Trypanosoma gambiense. Mwaka wenye ulifuata, David Bruce alionyesha katika Uganda kama inzi wa tse-tse ndiye anaeneza ugonjwa wa usingizi.

Katika mwaka huo wa 1903, Dutton na mwenzake John Lancelot Todd walitumwa Congo, yenye ilikuwa mali ya Mufalme Léopold II. Walipanda muto Congo, wakipima watu muji kwa muji. Waliona kama kupapasa shingo kunasaidia kutambua wagonjwa mapema, kwa sababu matezi yanavimba mbele ya usingizi kuanza. Ugonjwa ulikuwa unafuata njia za watu: wapagazi, askari na wafanyakazi walibeba kidudu ndani ya damu, na mahali tse-tse yuko, mugonjwa mumoja anatosha kuwasha moto.

Mwisho wa 1904, huko Stanleyville, Kisangani ya leo, walichunguza homa ingine, ile yenye inapoa kisha inarudi. Walionyesha kama inaletwa na papasi, kupe mwenye kujificha katika nyufa za nyumba za udongo, mwenye wengine wanaita kimputu. Wenzao wa Uganda waliwatangulia kidogo, lakini Dutton na Todd waliongeza jambo kubwa: papasi anapitisha ugonjwa mupaka katika mayai yake. Wote wawili waliambukizwa. Todd alipona. Dutton hakupona. Kidudu cha homa hiyo kinaitwa leo Borrelia duttonii.

Kisha kifo chake, serikali ilianza kupima watu shingo kwenye njia kubwa na kufungia wagonjwa katika kambi zenye ziliitwa lazareti. Wanainchi wengi waliziogopa sawa vile gereza, na wengine walificha wagonjwa wao. Katanga nayo iliguswa. Kuanzia Oktoba 1910, mwaka wenye garimoshi ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mupaka Septemba 1912, munganga Jérôme Rodhain na wenzake walichunguza tse-tse na ugonjwa wa usingizi katika jimbo hili.

Kidudu cha Dutton kiko na ndugu mbali na hapa. Katika mwaka wa 1909, Carlos Chagas alivumbua katika Brazili tripanosoma ingine, yenye inaletwa na kunguni mukubwa wa ndani ya kuta. Huyo haambukizi kwa kuuma: mavi yake ndiyo inaingia katika kidonda ao katika macho.

Katika mwaka wa 1998 wagonjwa karibu 40,000 wa usingizi walihesabiwa katika Afrika. Tangu 2018 hesabu iko chini ya 1,000 kwa mwaka. Wengi wao ni Wakongomani. Dawa ya kumeza, fexinidazole, iko. Lakini inasaidia tu yule mwenye anapimwa, na kupimwa kunaomba watu wasiogope tena wale wenye kuja kuwapima.