Daniel Webster: Seneta Aliyelipwa na Benki

Leo tumwangalie Daniel Webster wa Marekani. Alizaliwa 1782 huko New Hampshire, mtoto wa mkulima, akasomea sheria, akawa seneta wa Massachusetts. Akisimama kuongea, watu walijaa kumsikiliza.

Lakini jamaa alipenda maisha makubwa na madeni hayakumwisha. Benki ya Marekani, chini ya Nicholas Biddle, ilimkopesha, tena ikamlipa kama wakili wake. Na ni yeye huyohuyo aliyeitetea ndani ya Seneti. Desemba 1833, Rais Andrew Jackson akiwa ameanza kuondoa pesa za serikali kwenye benki hiyo, Webster alimwandikia Biddle kumkumbusha kwamba malipo yake hayajafanywa upya kama kawaida. Yaani, kama bado mnanitaka, lipeni.

Pengine aliiamini benki hiyo kwa dhati. Lakini nani angejua? Ukishalipwa, hata ukweli wako unatiliwa shaka.

Alitamani sana urais, hakuupata. Alikufa 1852, bado ana madeni.

Ndugu, hata kama kiti chako ni cha kamati ya shule au chama, kabla hujafungua mdomo, jiulize: nani ananilipa?