Kardinali Rugambwa na Majilio ya nyumbani



Huku kwetu Bugene Majilio huja pamoja na mvua na senene. Watoto wamefunga shule, na jioni taa zikiwashwa utawakuta wamekodoa macho juu, makopo mkononi. Ukiwauliza wanangoja nini, jibu liko tayari: senene, nguo mpya, wali na nyama, na ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam wateremke kwenye basi pale Kayanga. Nimeuliza swali hilo miaka mingi katika mafundisho ya Jumamosi. Mtoto anayemtaja Yesu, mara nyingi humtaja kwa sababu anamwona padre amesimama mbele yake. Siwalaumu. Mtoto hungoja kile anachoona wakubwa wake wanakingoja.

Mwaka mmoja kijana mdogo wa darasa la tatu alinijibu kwamba yeye hangoji kitu. Baba yake alikuwa ameahidi kuja Noeli mbili mfululizo na hakuja. Mimi nilikuwa na haraka, watu wa kigango wananisubiri kwa maungamo, basi nikampigapiga begani nikamwambia safari hii baba atakuja. Hakuja. Siku ya Noeli nilimwona kanisani amekaa na bibi yake, na hakutaka kunitazama. Nilikuwa nimemwahidi mtoto jambo ambalo halikuwa mikononi mwangu.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta namna ya kuwaambia wazazi kwamba kungoja ni jambo la kufundishwa, na kwamba ni rahisi sana kuliharibu. Leo nitapitia kwa mtu ambaye Kagera nzima tunamjua kwa jina, Laurean Kardinali Rugambwa, aliyefariki tarehe 8 Desemba 1997. Watoto wa siku hizi humchanganya na Kardinali Protase Rugambwa, aliyepewa ukardinali mwaka 2023. Ninayemzungumzia ni yule wa kwanza.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 katika kijiji cha Bukongo, upande wa Rutabo, wakati nchi ikiwa bado chini ya Wajerumani. Wazazi wake, Rushubirwa na Mukaboshezi, walikuwa watu wa ukoo wa heshima, karibu na utawala wa Kihaya. Wamisionari wa Afrika, hao tunaowaita Mapadre Weupe, walikuwa wamefika Kashozi mwaka 1892, kwa hiyo Ukristo katika nchi hiyo ulikuwa na umri wa miaka 20 tu. Rugambwa hakuzaliwa katika nyumba ya Wakristo. Aliishi miaka yake ya kwanza, na ile ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa mtoto asiyebatizwa wa wazazi wasiobatizwa.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo penye jambo lenyewe.

Mwanzilishi wa Mapadre Weupe, Kardinali Lavigerie, aliweka kanuni ngumu. Mtu mzima anayetaka ubatizo alipaswa kujiandaa kwa miaka minne. Kwanza alipokelewa kama mtu anayeomba tu, akafundishwa mambo ya msingi. Baadaye akaingia katika ukatekumeni wenyewe. Wapo waliokufa kabla ya siku yao kufika, wakabatizwa kitandani na katekista. Wapo waliochoka wakaacha. Mtu mwenye cheo alikaa na kufundishwa pamoja na mtu asiye na kitu, na hakuna aliyevushwa haraka kwa sababu ya jina lake.

Tarehe 19 Machi 1921, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, Rugambwa alibatizwa. Alikuwa na umri wa miaka minane. Siku hiyo hiyo walibatizwa baba yake, aliyepewa jina Domitian, na mama yake, aliyepewa jina Asteria. Watatu kwa siku moja. Baba mwenye heshima zake na mtoto wake mdogo walikuwa wanafunzi wa jambo moja, na wote wawili walikuwa wakingojea siku moja.

Mzazi wa leo wa Karagwe na Kyerwa hufanya vingine. Anamnunulia mtoto daftari na kalamu, anamwelekeza njia ya kanisani, kisha yeye anarudi kwenye shughuli zake. Katekista anafundisha, mtoto anakariri, na siku ya Komunio ya Kwanza mzazi anafika na keki na mpiga picha. Ni upendo, sikatai. Lakini mtoto amekwisha kuelewa kwamba dini ni kitu cha watoto, kama surupwenye ambayo mtu huivua akikua. Hata Majilio tunayafanya hivyo hivyo. Tunawauliza watoto wa Utoto Mtakatifu kama wamejiandaa, na sisi wenyewe hatujakaa nao hata jioni moja.

Turudi kwa Rugambwa. Alisoma Rutabo, kisha Seminari ya Rubya, kisha akavuka mpaka kwenda Seminari Kuu ya Katigondo, karibu na Masaka, Uganda. Masomo ya upadre wakati ule yalikuwa ya miaka mingi, na Kilatini ndiyo ilikuwa lugha ya darasani na ya altareni. Sisi tuliopita seminari baadaye tulilalamika kwa mengi, lakini wazee wale walisubiri kuliko sisi. Alipewa daraja ya upadre na Askofu Burkard Huwiler tarehe 12 Desemba 1943, akiwa na miaka 31. Nimehesabu kalenda: siku hiyo ilikuwa Dominika ya tatu ya Majilio, Dominika ya Furaha, ile ya mshumaa wa rangi ya waridi. Dunia ilikuwa katikati ya vita.

Ukiendelea kufuata tarehe zake utaona ajabu ndogo. Alifanya kazi za kichungaji nyumbani hadi mwaka 1949, akapelekwa Roma kusoma sheria za Kanisa, akarudi na shahada ya udaktari. Tarehe 13 Desemba 1951 akateuliwa kuwa mkuu wa Vikarieti mpya ya Kagera ya Chini. Ni Majilio tena. Aliwekwa wakfu kuwa askofu tarehe 10 Februari 1952, na miongoni mwa maaskofu waliomwekea mikono alikuwamo Joseph Kiwanuka wa Masaka, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati zetu kuwa askofu katika Kanisa la Kilatini. Mwaka uliofuata vikarieti ikawa jimbo la Rutabo. Mtoto aliyebatizwa pamoja na wazazi wake akawa askofu wa mahali pale pale.

Sitaki kujivunia kisicho chetu. Karagwe haikuwa chini yake. Sisi tulibaki katika jimbo lililokuja kuitwa Rulenge, na tangu mwaka 2008 tuna jimbo letu la Kayanga. Lakini tarehe 28 Machi 1960, Papa Yohane XXIII alipomfanya kardinali, mipaka ya majimbo haikumzuia mtu yeyote kufurahi. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika nyakati zetu, na Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Siku hiyo walitangazwa pamoja naye Doi wa Tokyo na Santos wa Manila, nao wakiwa makardinali wa kwanza wa nchi zao. Wahaya mnajua kwamba jina Rugambwa lenyewe linatoka katika kusemwa, kutajwa na watu. Lilitajwa kweli.

Kwa kawaida kardinali hupewa kanisa moja la Roma liwe lake kwa heshima. Yeye alipewa kanisa la Mtakatifu Fransisko, liitwalo San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere. Ndipo Fransisko wa Assisi alipokuwa akifikia alipokwenda Roma, na hadi leo panaonyeshwa chumba chake kidogo na jiwe ambalo husemwa alilitumia kama mto wa kulalia. Fransisko huyo ndiye tuliyerithi kwake pango la Noeli. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, aliomba hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, na watu wa kijiji wakaja usiku na mienge kusali Misa penye hori hilo. Hakununua sanamu hata moja. Aliazima vitu ambavyo kila mkulima wa pale alikuwa navyo.

Nalitaja hili kwa sababu kila mwaka wazazi huniambia kwamba hawana uwezo wa kuweka pango nyumbani. Wameona picha za mapango ya mjini yenye taa zinazowakawaka. Jamani, Greccio ilikuwa karibu zaidi na Bugene kuliko na duka la mapambo! Nyasi tunazo. Hao wazee wetu walizoea kutandika nyasi mbichi sakafuni ili nyumba ipokee wageni vizuri. Ng'ombe watoto wetu wanawachunga wenyewe.

Kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, Rugambwa alikuwa mmoja wa mababa wa Mtaguso, tena mwenye sauti kwa niaba ya Afrika. Tarehe 4 Desemba 1963, siku tatu baada ya Dominika ya kwanza ya Majilio, Mtaguso ulitoa hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu kanisani. Bibi yangu mzaa mama alisali Kilatini maisha yake yote bila kujua neno moja maana yake nini, na alisali vizuri, Mungu amrehemu. Lakini mtoto wa leo anasikia masomo ya Majilio kwa Kiswahili. Mzazi hana tena kisingizio cha lugha. Akitoka kanisani anaweza kumuuliza mtoto somo lilihusu nini, na mtoto anaweza kumjibu. Au kumshinda, kama mzazi alikuwa anaangalia simu.

Tarehe 19 Desemba 1968 akahamishwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, na huko akakaa zaidi ya miaka 20. Hospitali ya Ukonga yenye jina lake ni tunda la kazi hiyo. Alishiriki kumchagua Papa mara tatu, mwaka 1963 na mara mbili mwaka 1978. Alistaafu Julai 1992. Nilikuwa mseminari habari ya kifo chake ilipotufikia, Desemba 1997, siku ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Mapambo meupe ya sherehe yalikuwa bado altareni, na jioni hiyo tukaimba masifu kwa sauti ya chini.

Alizikwa Kashozi, pale ambapo Ukristo wetu ulianzia. Lakini hapakuwa mahali pake pa mwisho. Kanisa kuu la Bukoba lilikuwa na ukarabati mrefu, na mwili ulisubiri. Ulisubiri karibu miaka 15, mpaka Oktoba 2012, ulipopelekwa Bukoba na kuzikwa ndani ya kanisa kuu. Wazee waliomfahamu walikuja na wajukuu ambao hawakuwahi kumwona. Kagera nzima ilikuwa imemngojea marehemu wake kwa subira ile ile ya wakatekumeni wa zamani.

Mpendwa msomaji, baada ya lile kosa langu nilimtembelea bibi wa yule kijana. Sikuwa na la kumwambia kuhusu baba, kwa hiyo sikusema. Nilimwachia mishumaa minne, ya kawaida ya dukani, nikamwambia wakate kipande cha shina la mgomba, watoboe mashimo manne, wawashe mmoja kila Dominika jioni, na mmoja wao aseme sala. Na penye hori, kila siku mtoto akifanya jema moja aongeze unyasi mmoja. Nilimsihi bibi jambo moja tu: na yeye aweke wake. Alicheka akauliza mtu wa umri wake atafanya jema gani jipya. Nikamwambia ajaribu kuwasamehe majirani wa mpakani. Akaacha kucheka.

Majilio yaliyofuata nilipita tena, Dominika ya tatu, mvua ikinyesha. Nyasi zilikuwa zimejaa upande mmoja wa hori, na upande mwingine zilikuwa chache. Kijana alinieleza kwamba zile chache ni za bibi, na kwamba bibi alikuwa ameweka tatu kwa mkupuo siku alipokwenda kwa jirani. Aliniwashia mshumaa wa tatu, ingawa haukuwa wa rangi ya waridi.

Baba yake alikuja mwezi Machi, katikati ya Kwaresima, bila taarifa. Shina la mgomba lilikuwa limekwisha kuoza, lakini kijana alikuwa ameficha vipande vya mishumaa chini ya kitanda, akamwonyesha.