Sammy Davis: Aliimba Ukumbini, Akalala Ng'ambo ya Reli

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui mji ulioishi kwa methali hii kuliko Las Vegas, uliomo jangwani katika jimbo la Nevada, Marekani. Hauna bandari wala mashamba ya kutajika. Tangu mwaka 1931, sheria ya jimbo hilo ilipoihalalisha kamari, riziki yake imetoka mfukoni mwa mgeni.

Lakini mtu hafungi safari ndefu ili atazame karata tu. Hata mcheza kamari huchoka, na mkewe huchoka kabla yake. Wenye mahoteli walilijua hilo mapema. Wakajenga kumbi zenye majukwaa na meza za chakula, wakaajiri waimbaji, wachezaji dansi na wachekeshaji mashuhuri, wakawalipa fedha nyingi. Bei ya kutazama ilikuwa nafuu, kwani hasara ya ukumbini ilifidiwa na faida ya kamari. Hivyo hata asiyeweka senti mezani alipata burudani ya hali ya juu. Mimi kamari si yangu. Nilifunzwa kuiepuka tangu nikiwa chuoni nasoma Kurani. La ukumbini ndilo ninalolitaka leo, na katika wote waliopanda majukwaa yale nimemchagua Sammy Davis Jr.

Alizaliwa tarehe 8 Desemba 1925 huko Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York. Baba na mama wote walikuwa wachezaji dansi. Walipoachana, mtoto alilelewa na bibi yake mzaa baba, kisha baba akamchukua katika safari za kazi. Wakawa kundi la watatu, likiongozwa na mzee Will Mastin. Darasani hakukaa, jukwaa ndilo lililokuwa chuo chake. Mwaka 1933, akiwa na miaka 7, alikwisha kuonekana katika filamu. Alipokua aliimba, alipiga ngoma, aliigiza sauti za watu maarufu, na alicheza dansi ya kugonga sakafu kwa viatu hata sakafu ikawa kama inasema.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliingizwa jeshini, na huko askari weupe walimpiga kwa sababu ya rangi yake. Baada ya vita kundi lao likawa linakwenda Las Vegas. Hapo ndipo pana kisa chenyewe, msomaji. Ukumbi ulijaa, watu walisimama kumpigia makofi, lakini onyesho likiisha hakuruhusiwa kulala katika hoteli ile, wala kula mezani, wala kuogelea katika bwawa lake. Yeye na wenzake walivuka reli kwenda upande wa Westside, walikokaa watu weusi, wakapanga vyumba katika nyumba za watu. Hebu fikiria mwimbaji wa taarabu aliyealikwa harusini, akawaimbia watu hadi alfajiri, kisha akanyimwa sahani ya pilau.

Sifa zake zilipozidi, mlango ukaanza kufunguka kidogo. Mwaka 1954 hoteli ya Last Frontier iliwapa mkataba ulioruhusu wakae humo humo. Furaha haikudumu. Tarehe 19 Novemba mwaka huo, akiendesha gari kutoka Las Vegas kwenda Los Angeles, alipata ajali akapoteza jicho la kushoto. Wengi walidhani basi, mchezaji dansi amekwisha. Januari 1955 alikuwa jukwaani tena, jicho limefunikwa kitambaa.

Mei ya mwaka huo huo ilifunguliwa Moulin Rouge huko Westside, hoteli ya kwanza ya kasino mjini iliyopokea weusi na weupe pamoja. Ilifungwa kabla ya mwaka kwisha.

Mapema mwaka 1960 Sammy alikuwa katika hoteli ya Sands pamoja na rafiki yake Frank Sinatra, Dean Martin, Peter Lawford na Joey Bishop. Mchana walipiga filamu ya Ocean's 11, usiku wakatumbuiza. Watu walimiminika kutoka kila pembe. Humo ukumbini wenzake walimtania juu ya rangi yake, naye akacheka. Utani huo haunichekeshi. Kwetu sisi utani una masharti, na la kwanza ni watani kuwa sawa. Sammy alijua sana kujibu, lakini alikuwa mmoja kati ya weupe wanne, mbele ya ukumbi wa weupe.

Mlango haukufunguliwa na nyimbo peke yake. Machi 1960, daktari wa meno mweusi, James McMillan, kiongozi wa chama cha kutetea haki za watu weusi mjini, alitangaza kwamba wataandamana katika barabara ya mahoteli. Wenye mahoteli waliogopa kuwapoteza wageni wao. Tarehe 26 mwezi huo yalifikiwa makubaliano, mkutano ukiwa Moulin Rouge iliyokwisha kufungwa: weusi wale, walale na waburudike kama wengine. Haki ya kazi nzuri ilisubiri hadi maagano ya mahakamani ya mwaka 1971.

Sammy aliingia dini ya Kiyahudi, na Novemba 1960 akamwoa mwigizaji mzungu wa Uswidi, May Britt, wakati majimbo mengi yalikataza ndoa za namna hiyo. Mwaka 1972 alimkumbatia Rais Nixon hadharani, na weusi wengi wakamlaumu. Fedha alizitumia bila hesabu, akafa na deni kubwa la kodi.

Saratani ya koo ilimwua tarehe 16 Mei 1990, akiwa na miaka 64. Siku mbili baadaye taa za barabara ile ya mahoteli zilizimwa kwa dakika 10 kwa heshima yake. Ni heshima kubwa katika mji unaoishi kwa taa. Lakini kwa maoni yangu msanii huheshimiwa angali hai, na heshima yake ya kwanza ni chakula na kitanda katika nyumba anayoichangamsha. Kila mwenye hoteli anayewaalikia wageni wake ngoma na alikumbuke hilo.