Sista Irene, Muuguzi wa Wapagazi

Kila mtu wa pwani anaijua Kariakoo ya Dar es Salaam, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Mngereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao ndio waliouonyesha uhodari wa muuguzi mmoja wa Kitaliani, ambaye jina lake halijafutika hadi leo.

Mercede Stefani alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini ya Italia. Alipoingia utawa wa Konsolata alipewa jina la Irene, na mapema mwaka 1915 akateremka Mombasa, akaenda misheni za Nyeri. Wakati huo Mngereza alikuwa akipigana na Mjerumani wa Tanganyika, na vijana walikusanywa kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu, wakachukue mizigo ya jeshi. Walitoka Nyanza, Ukikuyu, Embu na Meru, huko iliko Mikinduri, wakapelekwa kwenye joto na mbu wasiowazoea. Wapagazi wa Kenya waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria na kichomi.

Sista Irene aliwauguza Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Wagonjwa walikuwa wengi mno, dawa haba, na mpagazi hakuwa na thamani kubwa machoni pa wakubwa wa jeshi. Mazingira kama hayo humfanya muuguzi kuwa mkavu wa moyo upesi, akamwona mgonjwa kuwa mzigo. Yeye alijifunza lugha ya wagonjwa wake, akaosha vidonda vinavyonuka, akamlisha asiyeweza kuinua mkono. Inasimuliwa kwamba huko Kilwa alikuta kitanda cha mgonjwa wake kitupu, akaambiwa amekufa na maiti yake imepelekwa pwani pamoja na nyingine. Alikwenda akamtafuta kati ya maiti, akamkuta angali anapumua, akamrudisha hospitali.

Hakuficha kwamba alikuja kueneza dini yake, na wengi aliwabatiza wakiwa mahututi. Sisi tuna mfano wetu, Bibi Rufaida wa Madina, aliyejifunza uganga kwa baba yake, na ambaye Saad bin Muadh alipelekwa hemani kwake alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki. Lakini wema wa kazi hauna kabila, na mwenye haki humpa kila mtu sifa yake.

Baada ya vita alirudi Nyeri, akafanya kazi Gikondi kwa miaka kumi, akifundisha, akizalisha wanawake, akipanda na kushuka vilima kwa miguu kuwatazama wagonjwa. Wakikuyu wakamwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Mwaka 1930 alimuuguza mgonjwa wa tauni, naye akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba, umri wake miaka 39. Mwaka 2015 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri huko Nyeri.

Tangu mwaka 1983 Kenya ina sheria ya wauguzi na baraza lao, na hapana muuguzi anayeruhusiwa kazini bila mafunzo na cheti. Hayo ni mambo ya lazima. Cheti humfundisha mtu kufunga kidonda. Hakimlazimishi kumtafuta mgonjwa aliyekwisha kuhesabiwa maiti. Hilo hutoka katika malezi, na katika mfano wa wakubwa anaowakuta kazini. Lakini tusidanganyike kwamba huruma pekee inatosha. Kifo cha Nyaatha chatuonya kwamba muuguzi asiyepewa kinga hufa pamoja na mgonjwa wake. Basi anayemdai muuguzi wa Mikinduri au wa Lindi uso mkunjufu, na amdai pia mwajiri wake glavu, dawa, na wenzake wa kumpokea zamu.