Habari za Bibi Katharine Cook, Mwalimu wa Wakunga wa Uganda

Katika kijitabu cha Jubilii ni desturi kusimulia habari za maaskofu na makasisi. Sisi tumependa kuandika habari za mwanamke mmoja, kwa kuwa kina mama wengi wa Uganda wamezaa salama kwa sababu ya kazi yake, hata wale wasiolijua jina lake.

Katharine Timpson alizaliwa Uingereza mwaka wa 1863, akajifunza uuguzi katika hospitali ya Guy's mjini London. Mwaka wa 1896 alisafiri pamoja na wamisionari wa C.M.S., na Daktari Albert Cook alikuwa miongoni mwao. Siku zile reli ndiyo kwanza imeanza kujengwa Mombasa, wala haikufika ziwani Kisumu mpaka mwaka wa 1901. Basi walikwenda bara kwa miguu, wakafika Mengo mwezi wa Februari 1897. Mwaka uo huo hospitali ilijengwa katika kilima cha Namirembe kwa miti na matete, naye akawa msimamizi wa wauguzi, kazi aliyoishika mpaka mwaka wa 1911. Mwaka wa 1900 aliolewa na Daktari Cook. Mwaka wa 1902 radi iliipiga hospitali ikateketea, nayo ikajengwa upya kwa matofali. Hayo yote ni mambo makubwa, lakini hatutakaa nayo, maana jambo tunalotaka kulisimulia lilikuja baadaye.

Zamani mwanamke wa Buganda aliposhikwa na utungu alipelekwa migombani nyuma ya nyumba, akashika mgomba, na wanawake wazee wakamsaidia. Wazee hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na dawa za miti zilizofinyangwa pamoja na udongo, ambazo mama mjamzito alizitumia, na watoto wengi walizaliwa salama mikononi mwao. Shida ilikuja uzazi ulipokuwa mgumu. Hapo watu walidhani kwamba mama au mumewe amezini, wakataka maungamo, na huku saa zinapita. Tulio nje ya Buganda tusiwacheke, kwa kuwa desturi hiyo haikuwa ngeni makwetu. Lakini mtoto aliyelala kikingama hageuki kwa maungamo, na damu inayomwagika baada ya kuzaa haingoji. Ni kweli kilimani Mengo palikuwa na daktari. Lakini mama wa mbali, aliyebebwa kwa machela siku mbili, alifika nguvu zimekwisha, na pengine mtoto amekwisha kufa tumboni.

Bibi Cook alitambua ya kuwa hospitali moja haitoshi. Ilipasa maarifa yashuke kilimani yakakae vijijini. Kwa hiyo, Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, yeye na mumewe walianzisha mafunzo ya wakunga, na mwaka wa 1921 ikafunguliwa shule iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana. Wanafunzi walikuwa wasichana wa Kiafrika waliosoma katika shule za misioni. Jambo hili lilikuwa zito kwa wazazi, kwa kuwa si heshima mwali asiyeolewa kuwapo mahali pa kuzalia. Kitabu chao, Amagezi Agokuzalisa, kiliandikwa kwa Kiganda, hata msichana asiyejua Kiingereza aweze kukisoma peke yake kijijini. Kwa maoni yetu kitabu hicho kilikuwa na thamani kuliko majengo. Mkunga anayejua kunawa mikono kwa sabuni, kukata kitovu kwa chombo kilichochemshwa, asivute kondo la nyuma kwa nguvu, na kutambua mapema ni mama yupi apelekwe kwa daktari, anaokoa watu wengi kwa vyombo vichache.

Hatutaki kuficha upande wa pili. Kazi hii ilianza pamoja na vita vya kupiga kaswende, na wamisionari walisema sana juu ya wingi wa ugonjwa huo na juu ya tabia za Waganda. Wanazuoni wa siku hizi wanaona hesabu zile zilikuwa kubwa kupita kiasi, na kwamba wengi walioandikwa kuwa na kaswende walikuwa na buba, ugonjwa usiotokana na zinaa. Wanawake waliochunguzwa miili yao kwa sababu hiyo waliona aibu, na walikuwa na haki kuona hivyo. Tena tunasikitika kwamba wale wakunga wazee wa migombani hawakuitwa kufundishwa pamoja na wasichana.

Wasichana walipofuzu walitumwa kwenye vituo vya uzazi vya mashambani, mmoja huku, mwingine kule, mbali na mwalimu wao. Mkunga kijana alisimama mbele ya wanawake waliomzidi umri, pengine usiku, kwa taa ya mafuta, bila daktari wa kumwuliza. Bibi Cook, aliyekuwa Msimamizi Mkuu wa Wakunga, alivikagua vituo hivyo yeye mwenyewe, ingawa alikuwa amepita miaka sitini.

Mwaka wa 1932 mumewe alipewa cheo cha Sir, naye akaitwa Lady Cook. Alifariki mwaka wa 1938. Mumewe alimfuata mwaka wa 1951. Wakunga wanafundishwa Mengo hata leo.