WAKILI ALIYESHIKA KIPAZA SAUTI: MAISHA YA HOWARD COSELL



Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike habari za mtu mashuhuri, nilidhani atataka mwanasiasa au mwanasayansi. Kumbe alikuwa na lake moyoni. Alinieleza kuwa wanafunzi wa kidato cha tatu walipoulizwa wangependa kufanya kazi gani, wengi walijibu kwamba wanataka kutangaza michezo katika televisheni, na wazazi waliposikia wakaguna. Sikumwambia kuwa miongoni mwa wazazi walioguna nilikuwamo na mimi. Mwanangu ni mmoja wa vijana hao, nami nilikuwa nimekwisha kumchagulia sheria.

Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 1995 tulilelewa na redio. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya sabini, lakini huku Bara ilikuwa ndiyo kwanza imeanza mwaka 1994. Basi tarehe 23 Aprili, 1995, alipofariki huko New York mtangazaji wa michezo aliyejulikana kuliko wote Marekani, hapana hata mmoja wetu bwenini aliyepata kumsikia. Jina lake Howard Cosell. Nilikuja kumjua nikiwa Chuo Kikuu, niliposoma habari za Muhammad Ali, na tangu hapo sijamsahau.

Cosell alizaliwa tarehe 25 Machi, 1918, katika mji wa Winston-Salem, jimbo la North Carolina, na akakulia Brooklyn, New York. Jina la kuzaliwa lilikuwa Howard William Cohen, na wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake, Isidore, alifanya kazi ya uhasibu, na kama baba wengi wa zama hizo, na wa zama hizi pia, alitaka mwanawe awe na taaluma ya heshima. Kijana alikuwa na akili nyingi. Alisoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha New York, kisha akaingia sheria si kwa kuipenda bali kwa kumridhisha mzee. Mwaka 1941 alikubaliwa kuwa wakili. Vita Kuu ya Pili ilipoikumba nchi yake alijiunga na jeshi katika kikosi cha uchukuzi, akahudumu katika bandari ya Brooklyn, akapanda hadi cheo cha meja. Mwaka 1944 alimwoa Mary Edith Abrams, aliyeitwa Emmy, wakajaliwa mabinti wawili.

Baada ya vita alifungua ofisi ya uwakili mjini New York. Miongoni mwa wateja wake walikuwamo wanamichezo, na pia chama cha besiboli ya watoto. Kwa njia hiyo ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka 1953 shirika la utangazaji la ABC lilimwomba aongoze kipindi cha redio ambamo watoto wangewauliza maswali wachezaji wakubwa. Alikifanya kwa miaka mitatu bila malipo, huku mchana akishinda na majalada ya kesi. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 38, mke na watoto, aliuacha uwakili akaingia utangazaji moja kwa moja. Nawaombeni vijana mwuzingatie umri huo. Nawaombeni wazazi wenzangu muizingatie miaka ile mitatu isiyo na mshahara.

Hakuwa na sura wala sauti ya televisheni kama wakubwa wa siku hizo walivyoitaka. Sauti ilitokea puani, lafudhi ilikuwa ya mitaa ya Brooklyn, na kichwani alivaa nywele za bandia, ambazo Ali alikuwa akimtishia kuzivuta mbele ya kamera. Tena alipenda maneno makubwa makubwa, utadhani anahutubia mahakama. Lakini alikuwa na jambo ambalo watangazaji wengi wa wakati ule hawakuwa nalo. Wao walikuwa wakiwasifu wachezaji na wenye timu, wakichelea kumuudhi mtu. Cosell alihoji kama wakili anavyomhoji shahidi: nani amesema, ana ushahidi gani, na nani anafaidika.

Mwaka 1964 kijana Cassius Clay alimshinda Sonny Liston, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, kisha akatangaza kuwa ni Mwislamu na kwamba jina lake sasa ni Muhammad Ali. Magazeti mengi ya Marekani yaliendelea kumwita Clay kwa miaka. Cosell, ambaye naye alikuwa amebadili jina lake la Cohen, alikuwa miongoni mwa watangazaji wa kwanza kumwita kwa jina alilolichagua mwenyewe. Laonekana jambo dogo, lakini kumwita mtu kwa jina lake ndiyo heshima ya kwanza.

Kubwa zaidi lilikuja tarehe 28 Aprili, 1967, mjini Houston, Ali alipokataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Papo hapo wakuu wa ndondi walimnyang'anya leseni na ubingwa, kabla ya mahakama yoyote kumtia hatiani. Cosell alisimama hadharani akasema huko ni kuvunja Katiba, kwa kuwa mtu hawezi kuadhibiwa kabla ya kuhukumiwa. Barua za matusi zilimiminika, nyingine zikitaja rangi ya Ali na Uyahudi wa Cosell. Hakurudi nyuma. Tarehe 28 Juni, 1971, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hatia ya Ali kwa kura 8 bila ya kupingwa. Hapo utaona kuwa sheria aliyoisoma kwa ajili ya baba yake haikupotea bure. Ali huyo ndiye aliyekuja Dar es Salaam Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kutushawishi tuisusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye.

Katika Olimpiki ya Mexico ya 1968, ile ambayo John Stephen Akhwari wetu alimaliza marathoni akichechemea, Wamarekani weusi Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi jukwaani kulalamikia ubaguzi. Walifukuzwa michezoni. Cosell alimtafuta Smith, akampa nafasi ya kueleza kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini alifanya vile.

Septemba 1970 ABC ilianza kuonyesha kandanda ya Kimarekani kila Jumatatu usiku. Cosell alikuwamo kwa misimu 14, na mamilioni walikesha kumsikiliza, wengine kwa kumpenda na wengine ili wapate kumkasirikia. Kura za maoni ziliwahi kumtaja kuwa mtangazaji anayependwa kupita wote na papo hapo anayechukiwa kupita wote. Mwaka 1972 alikuwako Munich, wanamichezo na makocha 11 wa Israeli walipouawa. Mwaka 1973, huko Kingston, Jamaika, alitangaza pambano ambalo George Foreman alimwangusha Joe Frazier mara 6 katika raundi mbili, na ukelele wake wa siku ile unakumbukwa hadi leo. Tarehe 8 Desemba, 1980, katikati ya mchezo, ndiye aliyewaarifu Wamarekani kwamba mwanamuziki John Lennon ameuawa kwa risasi. Alisita kwanza, akiona mchezo si mahali pa habari kama hiyo, kisha akaisema kwa ufupi na kwa staha.

Ndondi ndizo zilizompa jina, na ndizo alizoziacha. Novemba 1982 bondia Mkorea, Kim Duk-koo, alipigwa Las Vegas akafariki siku chache baadaye. Kabla mwezi huo haujaisha, Cosell alikuwa Houston akitangaza pambano la Larry Holmes na Randall Cobb. Cobb alipigwa raundi zote 15 na refa hakusimamisha. Cosell aliona aibu, akatangaza kuwa hatatangaza tena ndondi za kulipwa, na ahadi hiyo aliitimiza. Ni wangapi kati yetu wanaweza kuuacha mkate kwa sababu dhamiri imekataa?

Lakini nisimfanye malaika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kadiri sifa zilivyoongezeka, ndivyo alivyozidi kujiona na kuwadharau wenzake. Mwaka 1983 alimwita mchezaji mmoja mweusi tumbili mdogo. Alijitetea kuwa hata wajukuu zake huwaita hivyo, na wapo watu weusi waliomtetea, lakini neno likitoka halirudi, na msimu huo ukawa wa mwisho kwake katika kandanda ya Jumatatu. Mwaka 1985 alitoa kitabu kilichowashambulia wenzake wa kazini. ABC ilimwondoa katika matangazo ya fainali za besiboli, na kazi yake ya televisheni hapo ikaisha. Emmy alifariki mwaka 1990, naye Cosell akajifungia kwa upweke. Redio aliiacha mwaka 1992. Alifariki kwa donge la damu, akiwa na umri wa miaka 77, na mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Ujasiri ya Arthur Ashe.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Najua jinsi ilivyo rahisi kukaa kimya kikaoni, na jinsi ukimya unavyopewa jina la busara. Nilipomaliza kuandika habari hizi nilimwita mwanangu, nikampa azisome. Nilimwambia kuwa sitamzuia tena, ila kwa masharti mawili: ajifunze lugha na sheria za nchi barabara, kwa sababu sauti bila elimu ni kelele, na siku atakayopewa kipaza sauti asikitumie kumsifu mwenye nguvu kwa jambo asilolistahili, wala kumdhalilisha aliye pamoja naye kazini.

Sharti la kwanza alilipokea mara moja. La pili aliniuliza kama mimi mwenyewe ofisini nalitimiza. Nimelichukua swali hilo, na bado nalifikiri.