Édouard Lucas

François Édouard Anatole Lucas (Amiens, 4 Aprili 1842 – Paris, 3 Oktoba 1891) alikuwa mwanahisabati kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kuthibitisha mwaka 1876 kwamba 2¹²⁷ − 1, namba yenye tarakimu 39, ni namba tasa.

Maisha

Alisoma École normale supérieure mjini Paris, kisha akafanya kazi katika paoneaanga pa mji huo. Wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia (1870–1871) alikuwa ofisa wa kikosi cha mizinga. Baadaye alifundisha hisabati katika shule za sekondari, kwanza Moulins, halafu Paris.

Namba tasa

Namba tasa hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne alitaja namba kadhaa za umbo la 2ⁿ − 1 alizodai kuwa tasa, zikiwemo zile za n = 67 na n = 127. Kwa namba kubwa hivyo, kujaribu vigawo kimoja kimoja ni kazi isiyokwisha.

Lucas alipata njia isiyohitaji kutafuta vigawo. Katika umbo lake rahisi, huanza na 3. Kila hatua namba huzidishwa kwa yenyewe, hutolewa 2, na hubakizwa salio tu baada ya kugawanya kwa namba inayochunguzwa. Kwa 127, yaani 2⁷ − 1, hupatikana 3, 7, 47, 48, 16 na mwisho 0. Sifuri hiyo inaonyesha kwamba 127 ni tasa.

Kwa njia ya aina hiyo alithibitisha kwamba

170141183460469231731687303715884105727

ni tasa. Ilibaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi mwaka 1951, na hakuna kubwa zaidi iliyothibitishwa kwa hesabu za mkono.

Mwaka huohuo alionyesha kwamba Mersenne alikosea kuhusu 2⁶⁷ − 1: si tasa, ingawa Lucas hakujua vigawo vyake. Mmarekani Frank Nelson Cole alivitoa mwaka 1903: 193707721 na 761838257287.

Kazi nyingine

Mwaka 1883 alitoa mchezo wa Mnara wa Hanoi. Ukiwa na visahani 64, unahitaji hatua zisizopungua 18446744073709551615, yaani 2⁶⁴ − 1. Namba za Lucas (2, 1, 3, 4, 7, 11, 18...) zimepewa jina lake.

Kifo

Katika karamu ya mkutano wa wanasayansi mwaka 1891, mhudumu aliangusha vyombo na kipande kikamkata Lucas shavuni. Jeraha liliingia maambukizi, akafariki siku chache baadaye akiwa na umri wa miaka 49.

Urithi

Mmarekani Derrick Henry Lehmer aliiboresha njia yake mnamo 1930. Jaribio la Lucas–Lehmer hutumika mpaka leo kwa kompyuta. Mwaka 2024 lilithibitisha 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320.